Zulia la msikiti halitaki gharika

WASOMAJI wangu wa mwambao hamtahitaji maelezo marefu nikisema kwamba iko harufu moja ambayo mtu akishaikuta msikitini haisahau tena. Si ya udi wala ya halwaridi, wala si ya jasho la watu waliotoka kazini wakawahi Alasiri. Ni uvundo wa zulia lililorowa likanyimwa kukauka. Ukiwa umesimama huusikii sana. Ukirukuu hukujia. Ukisujudu, paji la uso na pua vikatua pale chini, basi huko kutasbihi mara tatu huwa ni mtihani, na khushui hukimbia mwenyewe akabaki anahesabu lini imamu atasema Allahu Akbar.

Mwaka 2018 mwezi wa Ramadhani uliingia katikati ya Mei, masika yamekolea. Wiki ya mwisho ya Shaabani, kamati ya msikiti mmoja ambao mimi ni miongoni mwa maamuma wake iliona si adabu kumpokea mgeni yule na zulia lenye madoa. Sitautaja msikiti, maana walioamua waliamua kwa nia njema, na mimi mwenyewe nilikuwapo barazani nikasema, "Naam, lioshwe." Zulia lenyewe lilikuwa sadaka ya watoto wa marehemu mama mmoja wa mtaani, walilolinunua ili thawabu zimfikie mama yao kaburini. Lilikuwa jekundu, lenye mihrabu ndogo ndogo zilizopangwa saffu kwa saffu, limetandikwa ukuta kwa ukuta na kugandishwa kwa gundi juu ya sponji. Vijana wakajitolea baada ya Isha. Wakaja na mpira wa maji, sabuni ya unga ya kufulia nguo na mifagio ya chelewa. Wakamwaga maji, wakasugua hata povu likapanda kwenye vifundo vya miguu, wakamwaga maji tena, wakayakokoa hadi mlangoni. Walifanya kazi ile mpaka usiku wa manane, nasi tukawaombea dua.

Alfajiri zulia lilikuwa bado chepechepe, tukasalia majamvi ya ukumbini. Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa. Siku ya tatu uvundo ulianza. Siku ya tano yalitokea madoa ya hudhurungi mahali ambapo zamani hapakuwa na doa lolote, na watu wakaanza kulaumiana nani kamwaga chai. Usiku wa kwanza wa Tarawehe saffu ya mbele, ambayo watu huishindania kwa fadhila zake, ilikuwa na mapengo. Mzee mmoja mwenye pumu alisali rakaa nne akatoka nje akihema, akakaa kwenye ngazi mpaka tulipomaliza witri. Kabla ya Idi zulia liling'olewa vipande vipande. Sponji iliyokuwa chini yake ilikuwa imegeuka uji mweusi. Mmoja wa wale watoto wa marehemu alisimama akitazama linavyopakiwa mkokotenini, asiseme neno. Mimi nilitamani aseme.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza habari za mazulia, jambo ambalo mke wangu huliona ni uzee unaonijia kwa mlango wa nyuma. Nimeuliza mafundi, nimesoma vitabu vya wenye kazi hiyo, nimetia mkono katika ndoo. Na nililolipata, ambalo ndilo nitakalo kuwaeleza leo, ni kwamba zulia lililofungwa chini halioshwi kama kanzu. Maji mengi hulifisha. Linalolifaa ni njia kadhaa zenye maji machache, zikichanganywa kwa mpango, kila moja ishike zamu yake, moja ikimaliza pale ilipoishia nyenziwe. Kisha kuna jambo la pili, la dini, ambalo fundi aghalabu halijui, nalo nitalifikia.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili kwa sababu walisalia majamvi na mikeka. Mkeka wa ukili wa miyaa, ukisukwa na bibi zetu kwa subira na hadithi, ni kitu cha kukunja. Ukichafuka huukung'uta, huupangusa, huuanika juani, na jua la saa nne halimwachi mdudu. Jamvi likichakaa hutolewa likaja jingine. Hata busati lililokuja na majahazi kutoka Maskati, na zulia la Kiajemi la mwenye nazo, vilitandikwa vikatanduliwa. Sakafu ya chokaa iliyokuwa chini ilipumua. Lakini zulia la ukuta kwa ukuta halitanduliki. Mwenye kulifunga kaliweka pale kama ngozi juu ya nyama; huwezi kulipeleka juani, ni lazima usafi uje kwake lilipo na maji yatoke pale yalipoingilia.

Wengine watasema: mbona wenzetu wenye mazulia, watu wa Kashan na Tabriz, huosha mazulia yao kwa maji tele? Ni kweli huyaosha, tena kwa maji ya mto. Walakin Kashan ni mji ulio ukingoni mwa jangwa. Hewa yake ni kavu hata ukitundika kitu kibichi, hewa yenyewe hukinyonya. Zulia lao lina uhuru, limefumwa kwa sufu na pamba, litabebwa lianikwe pande zote mbili. Sisi hapa tunaishi katika fukuto. Mombasa na Lamu hewa ina maji mwaka mzima. Chumvi yenyewe haiwezi kukaa kavu katika kibakuli, seuze sponji iliyofunikwa. Na wajuzi wanatwambia kwamba kitu kilichorowa kikikaa kati ya saa 24 na 48 bila kukauka, ukungu huanza kumea. Ukishamea, hakuna udi wa kuufunika.

Na yale madoa ya hudhurungi? Nayo si chai ya mtu. Mazulia mengi yana kitambaa cha nyuma chenye nyuzi za juti, yaani zile zile za gunia. Juti ikirowa sana hutoa rangi yake, na maji yanapopanda kukauka huipandisha rangi ile hadi kwenye ncha za manyoya, mfano wa mafuta yanavyopanda utambi. Pamoja nayo hupanda uchafu wote uliokuwa umejificha chini, na ile sabuni ya unga isiyotoka. Sabuni hiyo ikikauka hunata, na kila unyayo unaopita hupachika vumbi jipya juu yake. Ndiyo maana zulia lililooshwa kwa sabuni ya nguo huchafuka upesi kuliko lisilooshwa kabisa. Watu husema limerogwa.

Fundi aliyenifumbua macho ni kijana wa hapa hapa, aliyekaa Dubai miaka kadhaa akisafisha mazulia ya mahoteli na misikiti, kisha akarudi. Alipoitwa kutazama zulia letu jipya, miaka miwili baada ya msiba wa lile la kwanza, jambo la awali alilolifanya lilinishangaza. Alichomoa uzi mmoja pembeni akauwasha kwa kibiriti. Uzi haukuwaka; uliyeyuka ukawa shanga ngumu.

"Ami, hii si sufu," akaniambia. "Sufu ingenuka nywele iliyoungua na ingebaki majivu. Hii ni plastiki."

Akanieleza kwamba mazulia mengi ya misikiti ya siku hizi hufumwa kwa mashine nchini Uturuki, hasa katika mji wa Gaziantep, kwa nyuzi za polipropilini. Nyuzi hizo hazinywi maji hata kidogo, ilhali sufu huweza kubeba unyevu wa karibu thuluthi ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imerowa. Kwa hivyo maji unayoyamwaga juu ya polipropilini hayakai katika manyoya. Yateremka moja kwa moja hadi kwenye juti na sponji. Lakini plastiki hiyo ina ila yake: hupenda mafuta. Yaani maji huyakataa na mafuta huyakumbatia.

Hapo ndipo nilipoelewa uramani wa uchafu wa msikiti, ambao si sawa na wa ofisi wala hoteli. Ofisini watu huingia na viatu, uchafu wao ni mchanga. Sisi viatu twaviacha nje. Uchafu wetu ni wa miili. Tazama zulia lolote la msikiti kwa jicho la pembeni wakati wa asubuhi, utaona mistari miwili ikipita katika kila saffu. Mstari wa mbele ni wa mapaji ya uso, mafuta ya nywele, nta ya ndevu na attari. Mstari wa nyuma ni wa nyayo, aghalabu zilizotoka kutawadha, zikiwa na maji yanayodondoka mara tano kwa siku. Juu ya hayo ongeza futari: tende, uji, sharubati ya ukwaju, chai ya maziwa. Ongeza watu wa itikafu wanaolala pale usiku kumi. Na ongeza vumbi jembamba linaloingia madirishani wakati wa kaskazi.

Sasa, njia zenyewe.

Ya kwanza haina maji kabisa, nayo ni kufyonza vumbi kwa mashine. Watu huidharau kwa kuwa haina povu, na povu ndilo linalompendeza mlipaji. Mashine ya kufyonza ilibuniwa na Mwingereza Hubert Cecil Booth mwaka 1901, na mwaka uliofuata ikatumiwa kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster, London, kwa ajili ya kutawazwa mfalme Edward wa Saba. Kabla yake, mabibi wa Kiingereza walikuwa wakitawanya majani ya chai yaliyotumika, yakiwa na unyevu kidogo, kisha wakayafagia pamoja na vumbi lililogandamana nayo. Msidharau, maana majani yale ndiyo babu wa moja katika njia tutakazozitaja. Kijana wangu alipitisha mashine yake taratibu, kwenda na kurudi, kisha kukingamisha, saa nzima na zaidi. Nikamuuliza kwa nini asianze kazi. Akajibu, "Hii ndiyo kazi, Ami. Sehemu kubwa ya uchafu ni vumbi kavu. Nikilitilia maji kabla halijatoka, nitakuwa nimekanda tope." Alipofungua mfuko wa mashine kunionesha, niliona haya. Kulikuwa na mavumbi ya kujaza pishi, katika zulia ambalo mimi ningeapa ni safi.

Ya pili ni brashi mbili za duara zinazozunguka kwa kuelekeana, ambazo huyainua manyoya yaliyolala na kuchokoa nywele na nyuzi zilizozama. Kazi kavu pia. Baada yake hufyonza tena.

Ya tatu ndiyo ya maji machache. Hunyunyiza dawa kwa bomba la mkono kama lile la kunyunyizia miche, ukungu mwepesi tu, manyoya yapate unyevu na chini pasijue kitu. Dawa yenyewe ina sabuni ya kung'oa mafuta na ina ute fulani ambao ukikauka hauwi ute tena, bali huwa chembe kavu kama sukari guru iliyovunjika. Chembe hiyo hukauka ikiwa imeufungia uchafu ndani yake, na kesho yake mashine ya kufyonza huiondoa pamoja na mfungwa wake. Kama mtu anakuuzia dawa hii, usimwamini kwa maneno. Tia kidogo katika kisahani, kiache hadi asubuhi, kisha ukwaruze kwa ukucha. Ikipasuka na kuwa unga, ni yenyewe. Ikinata kama asali, ni sabuni ya kawaida iliyovalishwa jina, mrudishie.

Ya nne ni pedi. Ni kitambaa kinene cha duara, cha pamba, kinachofungwa chini ya mashine inayozunguka mara 175 kwa dakika au karibu na hapo. Pedi ikipita juu ya manyoya yaliyokwisha kunyunyiziwa dawa, hunyonya yale mafuta yaliyolegea. Wapo mafundi wanaoitumia pedi peke yake, na ndio waliompa jina baya. Pedi peke yake husafisha uso wa zulia tu, kama mtu anayenawa uso akaacha shingo. Na ikishajaa uchafu fundi asipoigeuza wala kuibadilisha, huwa anautoa uchafu wa saffu ya nyuma akiupeleka kwa imamu. Aidha ikiendeshwa juu ya zulia kavu huyasokota manyoya. Lakini ikija ya nne baada ya zile tatu, kazi yake huwa ndogo na nzuri. Tulibadilisha pedi sita siku ile. Ya kwanza ilitoka nyeusi kama mkaa, tena katika mstari wa mapaji ya uso, si wa nyayo. Mwadhini wetu alicheka akasema sasa ajua kwa nini anaambiwa apunguze mafuta ya nazi.

Ya tano ni ule mjukuu wa majani ya chai: unga wa nyuzi za mti zilizosagwa, umelowekwa dawa kidogo sana, hutawanywa, hubrashiwa ndani, hunyonya mafuta, kisha hufyonzwa wote. Huu hauna haja ya kungoja kukauka. Yeye huuweka kwa milango na kwa miezi ya masika, wakati ambapo hata ule ukungu mwepesi wa dawa ni mwingi.

Ukizitazama njia hizi moja moja, kila moja ina upungufu. Kufyonza hakung'oi mafuta. Dawa ya chembe hulegeza mafuta lakini ikiachiwa peke yake penye mafuta mengi hushindwa kuyafunga yote. Pedi hunyonya lakini haizami. Unga ni ghali kwa msikiti mzima. Zikiungana kwa mpangilio, kila moja huja kufanya lile ambalo nyenziwe haliwezi. Na faida yake kwa msikiti ni ya saa. Zulia lililooshwa kwa mashine ya maji moto hukaa saa sita hadi kutwa nzima bila kukauka, hata na feni. Kwa njia hii hukauka kwa saa moja au mbili. Msikiti hauna siku ya mapumziko. Nafasi yake ndefu ya mchana ni kati ya kuchomoza jua na Adhuhuri, saa sita hivi. Tulianza baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na adhana ya Adhuhuri ilipolia nilitia kiganja changu chini nikakuta pakavu.

Nilikuwa tayari kuandika makala haya siku hiyo hiyo na kumsifu kijana, lau si Bi Mkubwa mmoja wa sehemu ya wanawake, aliyekuja kusimama mlangoni na buibui lake akitazama mashine inavyozunguka.

"Mwanangu," akamwita kijana, "hilo povu lako latoharisha?"

Kijana akasema linasafisha kabisa, tena linaua hata vijidudu.

"Sikukuuliza kusafisha. Nimekuuliza kutoharisha. Huku kwetu wanawake watoto hukojoa kila Ijumaa. Ukipitisha gurudumu lako juu ya mkojo, si utatupakia saffu nzima?"

Kijana alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Ndugu zangu, hili ndilo jambo la dini nililoliahidi, na ni aibu kwamba mimi niliyesoma Safina chuoni nikiwa na miaka kumi nilihitaji kukumbushwa. Uchafu ni kitu kimoja na najisi ni kingine. Zulia laweza kuwa na vumbi la mwaka, mafuta ya vichwa mia na doa la ukwaju, na likawa tohara. Sala juu yake ni sahihi. Na laweza kung'ara kama lililotoka kiwandani jana, na likawa na najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, najisi huondolewa kwa maji mutlaki, maji yaliyobaki katika umbile lake. Maji yaliyochanganywa na sabuni hata yakageuka jina na sifa, yenyewe ni tohara lakini hayatoharishi. Kwa hivyo ule ukungu wa dawa, hata ungekuwa na uwezo gani wa kuua vijidudu, hauondoi hukumu ya mkojo. Na pedi yenye unyevu ikipita juu ya mkojo mbichi, hofu ya Bi Mkubwa ni ya haki tupu.

Hapana haja hata hivyo ya kurudi kwenye gharika. Sote twaijua habari ya bedui aliyekojoa msikitini mwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na Masahaba wakamwinukia kwa hasira. Mtume aliwazuia wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale pale. Ndoo moja, mahali pamoja. Hakuamrisha msikiti mzima ufurishwe. Ikiwa najisi ina mwili, rangi, harufu au ladha, huondolewa kwanza mwili wake na sifa zake. Na ikiwa imekauka haina athari, ni ile inayoitwa ya kihukumu, basi kupita maji juu yake kwatosha. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajaanza kula, wanazuoni wetu wameusahilisha zaidi, hunyunyiziwa maji yakapaenea.

Basi tukafanya shauri na Maalim wetu, kijana akiwapo. Alilolisema ni hili: najisi itangulie, usafi ufuate. Mkojo ukitokea, kwanza unyonywe kwa vitambaa vikavu kwa kukandamiza, si kwa kusugua. Kisha yamwagwe maji matupu juu ya mahali palipojulikana na pambizoni kidogo, maji ndiyo yaje juu ya najisi, si najisi kutoswa katika maji machache. Kisha ile mashine ya kufyonza majimaji iyavute yale maji yote, na feni iwekwe hapo hadi pakauke. Ndipo kesho au wiki ijayo njia za maji machache zipite zitakavyo. Kijana alifurahi kuliko sisi. Alisema huko alikokuwa alisafisha misikiti mikubwa na hakuna aliyemweleza utaratibu huo, naye alikuwa akiona haya kuuliza. Hukumu zaidi ya hapo waulizwe wenye elimu. Mimi ni mwandishi.

Sehemu ya wanawake imepewa ndoo yake, vitambaa vyake na mashine yake ndogo ya kuvuta maji, na Bi Mkubwa ndiye mwenye ufunguo. Hilo nalo lilikuwa na kisa chake, maana kamati ilitaka mashine ikae kwa wanaume.

Gharama ndiyo huwashtua watu. Mashine ya pedi si ya bei ya msikiti mdogo, na hata kumkodi fundi mwenye vifaa vyote ni fedha. Lakini hesabuni na upande wa pili. Sisi tulizika zulia zima kwa kuogopa gharama hiyo, zulia la sadaka. Na tena kazi iliyo kubwa kuliko zote, kufyonza vumbi, haihitaji fundi. Yahitaji mashine moja nzuri na mtu mwenye subira, mara mbili au tatu kwa wiki, na saffu ya mlangoni kila siku. Fundi atosha kuja mara chache kwa mwaka. Sisi humwita wakati wa kaskazi, hewa ikiwa na ukavu kidogo, na tena mwanzo wa Shaabani, si mwisho wake, ili kama kuna la kukosea tukosee mapema. Na nyumba zenye zulia la sufu ziwe na tahadhari moja: dawa ya klorini ya kupaushia nguo isilikaribie. Huila sufu ikaimaliza, si rangi yake tu, bali uzi wenyewe.

Kumebaki nyayo zenye maji. Fundi alisema hata tusafishe vipi, maadamu watu watoka birikani wakakanyaga zulia wakichuruzika, mlangoni pataoza. Kamati ikanunua taulo, na ikanitaka mimi niandike tangazo. Kwa kuwa matangazo ya kuamrisha hayasomwi, niliandika ubeti, nikaubandika ukutani karibu na mlango wa udhu:

Ulotawadha tulia, miguu ijichujie,
Taulo tumetilia, mlangoni itumie,
Maji yasijelingia, uvundo tuusikie,
Tukisujudu Jalia, pua isituumie.

Watu waliusoma, wakausifu, wengine wakaunakili katika simu zao, kisha wakapita na miguu yao majimaji kama kawaida. Ikabidi kijana mmoja wa kamati atandike jamvi refu la miyaa kutoka birikani hadi kizingitini, hatua kumi na mbili, ili nyayo zikauke zenyewe kabla ya kufika. Jamvi hilo hukunjwa kila jioni likaanikwa ukutani. Limesukwa Faza, na ndilo lililofanya kazi. Ubeti wangu ungalipo. Taulo limeibwa mara mbili.